Gillman: Mhandisi wa reli aliyepima maji kabla ya kupima shamba

KILA mwaka maelfu ya watalii wanaopanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hufika alfajiri kwenye ukingo wa kreta ya Kibo, mahali panapoitwa Gillman's Point, mita 5,685 kutoka usawa wa bahari. Wengi hupiga picha kwenye kibao, hupumzika kidogo, kisha huendelea kuelekea kilele cha Uhuru. Wengine nguvu huwaishia hapo hapo, wakateremka.

Ni wachache kati yao wanaojua kwamba jina lile ni la mhandisi wa reli ambaye maisha yake yalifungamana na nchi hii tangu mwaka 1905 hadi alipofariki mwaka 1946. Wachache zaidi wanajua kwamba kazi yake kubwa haikuhusu milima hata kidogo. Ilihusu swali ambalo mkulima wa Ulemo, wilayani Iramba mkoani Singida, hujiuliza kila ifikapo Novemba akitazama mawingu: maji yatatoka wapi, na yatatosha?

Clement Gillman alilijibu swali hilo kwa kupima. Majibu yake hayakuwafurahisha waliotaka mashamba makubwa ya haraka, na miezi michache tu baada ya kifo chake, serikali ya kikoloni ilianza mradi uliopoteza mamilioni ya pauni katika aina ile ile ya ardhi aliyoieleza kwenye ramani zake. Kwa sababu hiyo maisha yake yana somo kwa mkulima, mkopeshaji na mwekezaji wa leo katika mikoa ya kati.

Kutoka Madrid hadi Reli ya Kati

Gillman alizaliwa mjini Madrid, Hispania, mwaka 1882. Baba yake alikuwa Mwingereza na mama yake Mjerumani. Alisomea uhandisi mjini Zurich, Uswisi, katika chuo ambacho wakati huo kilikuwa miongoni mwa vyuo bora vya ufundi barani Ulaya. Malezi ya namna hiyo yalimfanya awe raia wa Uingereza anayejua vizuri lugha na mazoea ya Wajerumani, jambo lililomfaa sana baadaye.

Mwaka 1905 alifika Dar es Salaam kufanya kazi na kampuni ya Philipp Holzmann, iliyokuwa imepewa kandarasi ya kujenga Reli ya Kati. Huo ndio mwaka ambao vita ya Maji Maji ilizuka kusini mwa nchi, chanzo chake kimojawapo kikiwa kulazimishwa kwa wananchi kulima pamba. Reli na pamba vilikuwa sehemu ya hesabu moja katika vichwa vya watawala wa Kijerumani: viwanda vyao vilihitaji pamba isiyotoka Marekani, na pamba ilihitaji njia ya kufika pwani.

Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mhandisi wa reli katika nchi ya namna hii hufundishwa na maji. Akijenga daraja dogo, mvua ya msimu mmoja hulichukua. Akijenga kubwa kupita kiasi, fedha za kampuni hupotea kwenye korongo ambalo miezi minane ya mwaka ni mchanga mtupu.

Kipande cha Kilosa hadi Gulwe, ambako reli inafuata bonde la Mto Mkondoa, ni mfano ambao Watanzania wanaufahamu vizuri. Mafuriko ya msimu wa mvua wa 2009/2010 yalibomoa njia hapo na kusimamisha safari za treni, takriban miaka 100 tangu wajenzi wa kwanza wapite na vipimo vyao.

Gillman alijifunza katika shule hiyo. Alijenga tabia ya kuandika kila alichokiona katika shajara: mito, udongo, miti, vijiji, bei na tabia za watu aliofanya nao kazi. Shajara hizo zimehifadhiwa Oxford, Uingereza, na wanahistoria akiwamo John Iliffe wamezitumia kueleza historia ya Tanganyika. Mwaka 1987 mwanajiografia Brian Hoyle alichapisha kitabu kizima kuhusu maisha yake.

Ndoto ya Wembere

Wakati Gillman akiwa kwenye Reli ya Kati, Wajerumani walikuwa wakitazama kwa tamaa eneo ambalo wakazi wa Ulemo wanalijua kama jirani. Msafiri anayetoka Singida kwenda Nzega hupita kwenye uwanda wa juu wa Iramba, kisha huteremka Mlima Sekenke, penye machimbo ya kale ya dhahabu, na kujikuta kwenye tambarare pana isiyo na mwisho wa kuonekana. Hiyo ndiyo nyika ya Wembere.

Wakati wa masika maji ya mito ya Wembere na Manonga hutanda juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi na kugeuza sehemu kubwa kuwa kinamasi. Wakati wa kiangazi udongo ule ule hupasuka nyufa za kuingia mguu. Mtu anayeiona nyika hiyo kwa mara ya kwanza mwezi Machi huona shamba la mpunga. Anayeiona mwezi Oktoba huona jangwa.

Kabla ya vita ya mwaka 1914, wataalamu wa Kijerumani walichora mpango wa kuligeuza eneo hilo kuwa mashamba ya pamba ya kumwagilia. Maji yangetoka Ziwa Victoria. Ziwa hilo liko takriban mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na nyika ya Wembere iko chini zaidi ya hapo. Kwa hiyo, walisema, mtu akikata mwinuko ulioko kati ya Ghuba ya Smith, kusini mwa Mwanza, na bonde la Manonga, maji yatateremka yenyewe bila pampu.

Kwenye karatasi hesabu hiyo ilipendeza. Vita ikauzima mpango kabla jembe halijagusa udongo, na baada ya vita Tanganyika ikawekwa chini ya Uingereza. Mwaka 1929 Uingereza na Misri zilikubaliana kuhusu maji ya Mto Nile, na makubaliano hayo yakaipa Misri nguvu ya kuzuia kazi yoyote ya umwagiliaji katika maziwa ya Nile yaliyo chini ya Waingereza ambayo ingepunguza maji yanayofika kwake. Ndoto ya Wembere ikafungiwa kabatini.

Lakini hata kama sheria ingeruhusu, udongo ulikuwa na neno lake. Maji ya Wembere huingia Ziwa Kitangiri, kisha hupita Mto Sibiti hadi Ziwa Eyasi. Ziwa Eyasi halina mlango wa kutokea. Maji yanayofika huko yana njia moja tu ya kuondoka, nayo ni kugeuka mvuke, huku chumvi ikibaki nyuma.

Kila anayemwagilia katika bonde lililofungwa namna hiyo anatakiwa kuchimba mifereji ya aina mbili: wa kuleta maji na wa kuyatoa. Wengi huchimba wa kwanza na kusahau wa pili kwa kuwa ndio unaoonekana kuwa gharama isiyo na faida. Baada ya misimu kadhaa chumvi hupanda juu, majani ya mazao huungua kingoni, na shamba huachwa likiwa na rangi nyeupe kama limenyunyiziwa unga.

Mlima, reli na ramani ya vitone

Chini ya utawala mpya, Gillman aliendelea na kazi katika Shirika la Reli la Tanganyika. Mwaka 1921 alipanda Kilimanjaro na kufika ukingo wa kreta, safari iliyoacha jina lake pale juu. Kwake safari ya namna hiyo haikuwa mchezo tu. Alipima, alichora, na baadaye aliandika kuhusu mlima huo kama chanzo cha maji na makazi ya watu.

Mwaka 1927 alichapisha makala kuhusu kusini magharibi mwa Tanganyika katika jarida la wanajiografia la London, na mwaka 1929 ikatoka ripoti yake ya upimaji wa awali wa reli ya kufungua eneo hilo. Reli hiyo haikujengwa wakati wake. Njia ya kwenda kusini magharibi ilisubiri hadi miaka ya 1970, ilipojengwa TAZARA.

Katika miaka ya 1930, Gillman akiwa Mhandisi Mkuu wa reli, tawi moja lilijengwa kutoka Manyoni kuelekea kaskazini, likapita Singida na kuishia Kinyangiri, katika nchi ya Wanyiramba. Lilikuwa na urefu wa maili 93, yaani takriban kilomita 150. Matumaini yalikuwa kwamba reli ikishafika, kilimo kitaifuata, na mizigo ya mazao italipa gharama za ujenzi.

Mizigo haikutosha. Eneo lenye mvua ya msimu mmoja, isiyo na uhakika, halikuweza kuzalisha ziada ya kujaza mabehewa mwaka hata mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1940 njia hiyo iling'olewa. Vizazi vilivyofuata vya wakulima wa Iramba vilisafirisha mazao kwa punda, kwa mikokoteni na kwa malori, huku tuta la reli likibaki kama alama ya hesabu iliyokosewa. Singida ilipata reli nyingine kutoka Manyoni miongo kadhaa baadaye.

Gillman hakuhitaji kusubiri kung'olewa kwa reli ili kuelewa tatizo. Mwaka 1936 alichapisha nchini Marekani ramani ya watu wa Tanganyika, akionyesha kwa vitone mahali wanapoishi. Nchi ilikuwa na watu wapatao milioni 5. Ramani ilionyesha mambo mawili ambayo kila mpanga mipango angepaswa kuyabandika ukutani.

La kwanza, karibu theluthi mbili ya watu walikuwa wamejibana katika takriban sehemu moja ya kumi ya nchi: miteremko ya Kilimanjaro, Usambara, Uluguru, Rungwe, Bukoba na maeneo mengine yenye maji ya uhakika. La pili, zaidi ya nusu ya nchi haikuwa na watu, au walikuwa wachache mno.

Gillman alieleza sababu. Watu wanaishi palipo na maji. Pale ambapo maji ya kudumu hayapo, watu hawapo, na mahali pao pamechukuliwa na pori na mbung'o wanaoua ng'ombe. Utupu wa ardhi ulikuwa na maelezo, na maelezo hayo yalipatikana kwa kuchimba kisima, kupima mvua na kuuliza wenyeji.

Mshauri wa maji

Alipostaafu reli mwishoni mwa miaka ya 1930, serikali ilimwajiri kama mshauri wa maji. Alizunguka nchi akikagua vyanzo, visima, malambo na mito, na mwaka 1940 ripoti yake ikachapishwa. Alikuwa na karibu miaka 60 wakati huo.

Msimamo wake katika kazi hiyo ulikuwa wa mtu aliyekwisha kuona madaraja yakichukuliwa na mafuriko. Maji, ardhi, miti na watu vilikuwa kitu kimoja machoni pake. Ukikata msitu wa juu, chemchemi ya chini hupungua. Ukichimba lambo bila kufikiria idadi ya ng'ombe watakaolifuata, unapata lambo na unapoteza malisho kulizunguka. Ukileta watu mahali pasipo na maji ya kutosha, hutakuwa umewasaidia.

Mkulima wa Ulemo anaweza kuifanya hesabu ya Gillman kwa kalamu na karatasi. Mvua ya milimita moja katika hekta moja ni mita za ujazo 10 za maji. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Mwaka ukileta milimita 600 za mvua, ekari hiyo imepokea takriban mita za ujazo 2,400.

Maji hayo ni mengi, lakini jua na upepo wa mikoa ya kati vina uwezo wa kuchukua zaidi. Mahali ambapo uwezo wa mvukizo ni milimita 2,000 kwa mwaka, ekari moja ya maji ya wazi inaweza kupoteza zaidi ya mita za ujazo 8,000, yaani zaidi ya mara tatu ya mvua iliyopokea. Ndiyo maana lambo pana lisilo na kina hukauka kabla ya Septemba hata kama hakuna aliyechota.

Chukua sasa ndoto ya Wembere kwa kipimo kidogo tu. Tuseme ni hekta 10,000 za zao linalohitaji mita za ujazo 10,000 kwa hekta kwa msimu. Jumla ni mita za ujazo milioni 100. Kuyapitisha maji hayo kwa siku 120 kunahitaji mfereji unaoleta karibu mita za ujazo 10 kila sekunde, usiku na mchana, bila kukatika. Hapo bado hujahesabu yatakayopotea njiani, wala mifereji ya kutolea maji yenye chumvi.

Mifereji ya kale

Katika miaka ya mwisho ya maisha yake Gillman aligeukia historia. Aliandika katika jarida la Tanganyika Notes and Records, lililoanzishwa mwaka 1936, kuhusu historia fupi ya reli mwaka 1942 na kuhusu ukuaji wa jiji la Dar es Salaam mwaka 1945. Mwaka 1944 alichapisha orodha ya majengo ya mawe ya kale na ya karibuni yaliyojengwa na wenyeji wa Afrika Mashariki.

Miongoni mwa majengo mashuhuri ya aina hiyo nchini ni mabaki ya Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa wilayani Monduli. Pale wakulima walijenga kwa mawe mifereji, kingo na vijishamba vya ngazi katika eneo la takriban hekta 2,000. Walilima mtama kwa kumwagilia, kati ya karne ya 15 na ya 18, katika eneo kame ambalo mvua peke yake isingewalisha.

Kisha wakaondoka. Watafiti wametaja kupungua kwa maji ya vijito vilivyotoka nyanda za juu, kuchoka kwa udongo na mabadiliko ya majirani wao wafugaji kama sababu zinazowezekana. Hata sababu iwe ipi, mawe yanaonyesha kwamba wenyeji walijua umwagiliaji miaka mingi kabla ya mzungu wa kwanza kufika na dira, na kwamba hata mfumo uliojengwa kwa ustadi na kudumu kwa vizazi una kikomo chake.

Mifumo mingine iliendelea kuishi. Mifongo ya Wachaga kwenye Kilimanjaro na ndiva za Wapare ziliendeshwa kwa kanuni za zamu, kazi za pamoja za kusafisha mifereji, na adhabu kwa mwizi wa maji. Zinapatikana kwenye maeneo yale yale ambayo ramani ya vitone iliyajaza watu. Chanzo cha uhakika kilikuwa juu, na shamba likawa chini yake. Hakuna aliyeanza na shamba ndipo akatafuta chanzo.

Karanga za Kongwa

Gillman alifariki mjini Dar es Salaam mwaka 1946. Mwaka huo huo ofisa wa kampuni kubwa ya Uingereza, Frank Samuel wa United Africa Company, aliipelekea serikali ya London wazo la kulima karanga kwa mashine Afrika Mashariki ili kumaliza uhaba wa mafuta ya kula uliofuata vita.

Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulikuja kukagua kwa wiki chache. Ulirudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika, kwa gharama ya takriban pauni milioni 25. Kongwa, katika nchi ya Wagogo, ikachaguliwa kuwa mwanzo. Moja ya sifa zake machoni mwa wapangaji ni kwamba ilikuwa na watu wachache, hivyo ardhi ilionekana kuwa wazi.

Ramani iliyoeleza kwa nini ardhi ya namna hiyo iko wazi ilikuwa imechapishwa miaka 10 kabla. Wagogo waliokuwa wakiishi humo walijua pia. Walipanda mtama na uwele, walifuga, na kila familia ilitawanya mashamba na mifugo yake ili ukame ukipiga huku, kule kubaki kitu.

Kazi ilianza mwaka 1947. Matrekta ya mitumba yaliyonunuliwa kutoka mabaki ya vita yaliharibika. Visiki vya vichaka vya Kongwa vilivunja majembe. Udongo wenye mfinyanzi, baada ya mvua kupita na jua kuwaka, uligeuka mgumu kama tofali, karanga zikabaki chini. Mwaka 1949 ukame ukakamilisha kazi. Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza iliufuta mradi, na hasara ilikuwa takriban pauni milioni 36.

Kusini, mradi huo ulijengewa bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Bandari ilibaki na kulisaidia taifa, hasa kwa korosho. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kama ile ya Kinyangiri.

Gillman hakuyaona haya. Ramani yake ya uoto wa Tanganyika, ambayo ilihitimisha kazi ya miaka mingi ya kutembea, ilichapishwa mwaka 1949, miaka mitatu baada ya kifo chake, wakati trekta za Kongwa zikiwa bado zinanguruma.

Maji ya ziwa yafika

Mwaka 1962 Tanganyika huru ilitangaza kwamba haifungwi na makubaliano ya maji ya Nile yaliyofanywa na mkoloni. Njia ya kisheria kuelekea Wembere ikafunguka tena kwa upande wa nchi, na wazo la kutoa maji Ghuba ya Smith likarudi katika mazungumzo ya wapangaji mara kadhaa.

Hata hivyo, serikali ilipoamua kuyahamisha maji ya Ziwa Victoria kwa fedha zake, ilichagua matumizi mengine. Mradi wa Kahama na Shinyanga, ulioanza mwaka 2004 na kuzinduliwa mwaka 2009, huchota maji Ihelele wilayani Misungwi na kuyasukuma kwa mabomba kwa ajili ya kunywa. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 mabomba yalikwisha kupelekwa hadi Tabora, Nzega na Igunga. Igunga iko ng'ambo ya Wembere ukitazama kutoka Iramba.

Maji ambayo Wajerumani walitaka yamwagilie pamba yamefika ukingoni mwa nyika ile ile kwa njia ya bomba, yakaingia kwenye ndoo za akina mama. Kwa mchumi huo ni uamuzi wenye mantiki. Lita moja ya maji ya kunywa ina thamani kubwa kuliko lita moja iliyomwagwa kwenye udongo unaoelekea kuota chumvi, na bomba halipotezi maji kwa jua kama mfereji wa wazi.

Somo kwa mkulima na mwekezaji

Mpango Kabambe wa Taifa wa Umwagiliaji wa mwaka 2002 ulitaja hekta milioni 29.4 zinazofaa kumwagiliwa nchini. Tarakimu hiyo imenukuliwa katika hotuba nyingi. Ni mara chache kinachofuata hutajwa: kati ya hizo, ni hekta milioni 2.3 tu zilizopewa daraja la juu la kufaa. Milioni 4.8 zilipewa daraja la kati, na milioni 22.3 zilizobaki daraja la chini.

Gillman angeielewa tofauti hiyo mara moja. Mwekezaji anayekuja Singida akiwa na ramani ya ardhi tupu anatakiwa kuuliza kwanza kwa nini ni tupu. Jibu likiwa ni maji, bei ndogo ya ekari haimaanishi kwamba ardhi ni rahisi. Gharama imehamia kwenye kisima, pampu, mafuta na miaka ya ukame.

Kwa mkulima mdogo hatari ni ya karibu zaidi. Anayekopa kukodi jaruba la mpunga mbugani baada ya msimu mmoja mzuri anaweka dhamana mifugo au shamba la juu lililolisha familia kwa miaka. Msimu ukiwa mzuri atalipa na kubaki na faida. Msimu ukikataa, riba haitasubiri masika mengine.

Hesabu ya busara ni kuanza na miaka mibovu. Mkulima aandike misimu 10 iliyopita, ahesabu mbuga ilijaa vizuri mara ngapi, ilikauka mara ngapi, na mafuriko yalifagia mpunga mara ngapi. Kama misimu mizuri haitoshi kulipia mibaya, basi mpunga uwe nyongeza, na tegemeo liwe mtama, uwele, alizeti na dengu, mazao ambayo yameizoea mvua ya Singida. Penye kisima au chanzo cha uhakika, vitunguu katika eneo dogo vinaweza kulipa vizuri kuliko ekari nyingi za kubahatisha.

Vikundi vinavyopata skimu, kama ile ya Mwamapuli wilayani Igunga, vina wajibu wa kukumbuka mfereji wa pili, ule wa kutoa maji, na kuweka zamu ya kuusafisha kabla ya mvua. Mifongo na ndiva ziliishi kwa kanuni hiyo bila mfadhili.

Gillman's Point haipo kileleni. Anayefika hapo akiwa amechoka hutakiwa kupima pumzi, maji aliyobakiwa nayo na hali ya hewa kabla ya kuamua kuendelea hadi Uhuru au kugeuka. Anayeteremka mapema hurudi mwaka mwingine akiwa mzima. Mkulima wa Ulemo anayeitazama Wembere kutoka juu ya Mlima Sekenke, ikiwa imejaa maji mwezi Machi, ana uamuzi wa aina hiyo hiyo mbele yake.